Fungu la Mtu wa Nne

Nakivale, Jumapili, tarehe 3 Juni 2007
Leo ni miaka minane na miezi kumi tangu nitoke nyumbani.

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti lako linaendeleaje? Yule mama muuza vitenge aliyeniletea barua yako alisema sasa unatembea na fimbo, lakini kwaya ya akina mama hujaiacha. Nilicheka peke yangu. Najua hata wakikubeba kwa machela utafika kanisani kabla ya mchungaji. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Mgongo huu sasa una umri wake mwenyewe.

Kazi ni ile ile, kuchimba mchanga mtoni Mbarara. Tunasimama ndani ya maji mpaka kiunoni, tunazoa mchanga kwa beleshi, tunaupandisha ukingoni, lori linakuja kuuchukua. Juma zima nalala mtaa wa Kakoba, katika chumba cha wanaume watano. Ijumaa jioni narudi hapa kwenye kambi ya wakimbizi kuangalia mahindi yangu. Mto huo tunaouchimba ndio unaopita kwenye mafunjo marefu na kuingia katika ziwa la hapa Nakivale. Mimi na mchanga wangu tunakaa juu, maji yanatutangulia kwenda nyumbani.

Mama, barua yako ilikuwa na swali moja, na nimelibeba miezi minne. Uliandika kwamba wazee wamekaa. Wanataka matanga ya mdogo wangu Asukulu yakaliwe na kumalizwa, ili mke wake Riziki awe huru kuendelea na maisha. Lakini wanangoja neno langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naye mwisho. Na ukaongeza kwamba Riziki bado anamwekea sahani kila jioni, asubuhi anawamwagia kuku. Nilishika kalamu mara tatu nikaiweka chini. Leo najibu, ila nivumilie nianze na safari ya kuvua samaki, maana jibu lilinikuta huko.

Pale machimboni kuna mzee mmoja mwenye lori, askari mstaafu wa kambi ya Makenke. Sote tunamwita Afande. Ni mtu mnene, mwenye kicheko, na Kiswahili chake ni kile cha jeshi. Zamani alikaa Jinja, huko alivua sangara kwa fimbo yenye gurudumu la kuzungushia uzi. Fimbo hiyo bado anayo, anaipaka mafuta kama bunduki. Siku moja tukiwa tunakunywa uji aliniuliza, "Wewe Mukongo, kwenu iko ziwa kubwa. Wewe najua samaki?"

Nikamwambia mimi nimezaliwa juu ya nyavu. Nikamweleza sangala wa kwetu, ndugu wa huyo sangara wake, anavyokaa kwenye mdomo wa mto akingoja vidagaa, na anavyovuta uzi mpaka unakata kidole.

"Basi sisi nakwenda," akasema. "Sangala hapa hapana, lakini kambale mukubwa iko, kule mto naingia kwa ziwa. Kambale kama mutoto wa darasa la saba!"

Bahati, kijana wa Uvira ninayechimba naye, akadakia: "Afande, huyo samaki akikuona tumbo lako, yeye ndiye atakuvua."

Tulipanga juma zima. Afande alileta fimbo na lori, Bahati akachimba nyungunyungu na kukamata vyura wadogo, mimi nikafunga ndoano kwa nyuzi za mkono. Wenyeji walitupa onyo moja tu. Walisema pale mdomoni mto una tabia: asubuhi unateremka ziwani kama mito yote, lakini kuna saa ya mchana unasimama, kisha unarudi ulikotoka. Wengine wanasema ni upepo wa ziwa unaosukuma maji. Wengine wanatazama pembeni. Walisema kambale wakubwa wanapanda na maji yanayorudi, kwa hiyo tuingie asubuhi, tungoje mgeuko, tukishavua tutoke. Afande alifurahi sana kusikia mto unaorudi nyuma. "Hiyo mto ni kama jeshi yetu ya zamani," akasema.

Jumamosi ya juma lililopita walinifuata hapa kambini alfajiri. Nilikuwa nimepika muhogo na maharage. Unakumbuka, Mama, desturi yetu ya wavuvi: mkubwa wa safari anagawa chakula chini kabla ya kugusa mtumbwi, kila mtu fungu lake juu ya jani lake, na kilichokwisha kugawiwa hakirudi tena katika sufuria. Miaka minane sijawa mkubwa wa safari yoyote. Nikainama, nikagawa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Bahati, anayeniita Yaya kama kaka yake mkubwa, akasema polepole, "Yaya, tuko batatu."

Nikatazama chini. Majani yalikuwa manne.

"Huyu wa nne, uko unamuwekea nani?"

Nilikuwa nimegawa kama nilivyozoea kwetu: fungu la Asukulu kwanza, karibu na goti langu, lenye maharage mengi kwa sababu muhogo haupendi. Afande akanyosha mkono, "Hii ya nne mimi nakula, wacha maneno." Bahati akamshika kifundo cha mkono. Kijana yule hana heshima kwa mtu yeyote, lakini siku ile alimshika mzee kama anamtoa motoni. "Hapana, Afande. Chakula ya mutu hailiwi na mwingine. Lazima iende kwa maji."

Nikalifunga jani lile kwa ugwe wa mgomba, mafundo mawili kama ninavyofunga siku zote, nikaliweka kifuani mwangu ndani ya shati. Lilikuwa la moto. Nakwambia hili la mafundo kwa sababu baadaye nililikumbuka.

Mwenye mtumbwi ni mzee wa hapa hapa, mpole. Alikuwa anatoa maji ndani ya mtumbwi wake. Akatuangalia tukishuka, akatikisa kichwa, akamwita Afande "bwana" kwa lugha ya kwao.

"Sebo, watu wanne hapana. Hii ni ya watatu tu."

Afande akacheka. "Muzee, wewe nahesabu na pua? Sisi tatu."

Mzee akatuangalia tena, mmoja mmoja, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Haya," akasema. "Tatu." Lakini tulipokaa, maji yalifika karibu kabisa na mdomo wa mtumbwi. Afande akasema ni tumbo lake. Hakuna aliyecheka, hata Bahati.

Tuliingia katika njia ya mafunjo. Mama, hujawahi kuona mafunjo kama haya. Yanasimama marefu kuliko nyumba, pande zote mbili, na yanaelea: asubuhi kuna njia, jioni hakuna. Humo ndani hakukuwa na upepo. Hakukuwa na ndege. Ng'ombe walikuwa ukingoni kabla hatujaingia, wamesimama wanatazama maji bila kunywa. Tulipofika mahali mto unapofunguka ziwani tukafunga mtumbwi kwenye shina la mafunjo. Maji yalikuwa yanateremka taratibu, ya rangi ya chai.

Nikatoa lile fungu. Nilitaka kusema neno la sala lakini nilisema tu, "Kula." Nikaliweka juu ya maji. Lilielea, likazunguka mara moja, likaenda na mto kuelekea ziwani mpaka sikuliona.

Tukavua. Afande alirusha uzi wake mara nyingi, kila mara akimsema samaki kama askari mkosaji wa kambini. Bahati alipata kambale mmoja wa kadiri. Mimi sikupata, ila uzi wangu ulivutwa mara mbili, si kwa kugonga kama samaki agongavyo, bali kwa kushika na kuachia. Kushika na kuachia. Nikauvuta uzi nikauweka chini ya miguu.

Sasa jua likiwa limesimama kichwani, mto ukasimama. Sijui nikueleze vipi. Majani yaliyokuwa yanaelea yakatulia mahali yalipo. Uzi wa Afande ukalegea. Tulisikia maji yakinyonya kwenye mashina ya mafunjo, kama mtoto anyonyavyo, kisha kila kitu kikaanza kurudi kuja kwetu. Povu, majani, vijiti. Na upepo haukuwepo, Mama. Mafunjo hayakutikisika.

Bahati ndiye aliyeliona. "Yaya. Angalia."

Fungu lilikuwa linarudi. Lilikuja katikati ya maji, halikwenda kushoto wala kulia, mpaka likagusa mtumbwi upande niliokaa, likabaki hapo linagusa, linagusa.

Nikaliokota. Nilitazama fundo kabla sijatazama kitu kingine. Mimi hufunga mafundo mawili. Hili lilikuwa moja, la kuvuta, mkia wake upande wa kushoto. Unamjua mmoja tu aliyefunga hivyo. Ulimchapa mkono ule wa kushoto ili ajifunze kutumia wa kulia, na hakujifunza.

Nikavuta. Muhogo na maharage havikuwemo. Jani lilikuwa safi kama limeoshwa, na ndani yake kulikuwa na maji kidogo na samaki mmoja mdogo, wa rangi ya fedha, mzima. Ndagala, dagaa wa ziwa la kwetu, haishi katika ziwa hili. Sisemi alikuwa ndagala. Nasema nilizaliwa juu ya nyavu na nilimtambua.

Afande akasema kwa sauti ndogo, si sauti yake, "Samaki nakula chakula, mwingine naingia kwa jani. Ni hivyo tu." Halafu akasema, "Weka kwa ndoano. Chambo muzuri."

"Samaki hafungi fundo, Afande," Bahati akamjibu.

Wewe ndiye uliyetufundisha, Mama, kwamba sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ukila kilicholetwa kutoka kwa jirani, unaosha sahani, unaweka chochote ulichonacho, hata chumvi ya kidole, ndipo unairudisha. Ulitutuma mimi na Asukulu na sahani hizo, na tulikuwa tunagombana nani aibebe. Nilikaa na jani lile mikononi nikaelewa kwamba nimeletewa sahani yangu.

Nikamrudisha samaki majini. Mto bado ulikuwa unapanda, lakini yeye aliteremka, kuelekea ziwani, dhidi ya maji. Tukafungua mtumbwi. Ulipanda juu mara moja, kama mtu ameshuka. Afande aliona. Tangu siku ile hajarusha fimbo yake wala kutaja samaki, na mimi na Bahati hatukumkumbusha.

Sasa jibu, Mama. Keti kwanza, na dada Furaha anayekusomea aketi pia.

Niliwaambia kwamba siku tuliyokimbia vita Asukulu alipanda mashua nyingine, akiwa mzima, na kwamba nilimwona akinipungia mkono. Si kweli. Hakukuwa na mashua nyingine. Kulipopambazuka tulikuwa katikati ya ziwa, watu wengi kuliko mashua, na mawimbi yanaingia. Asukulu alimpa mama mmoja mwenye mtoto mchanga nafasi yake, akashuka majini, akaning'inia ubavuni. Mimi nilimshika mkono. Mkono wa kushoto. Mashua ililala upande wetu. Mwenye mashua akapiga kelele, "Mwachie, ama tuzame wote!" Asukulu alinitazama. Hakusema niachie, hakusema nishike. Mimi nilimwachia.

Niliposhuka ng'ambo, mtu aliyekuwa anarudi aliniuliza awaambie nini nyumbani. Nikatunga ile mashua ya pili. Nilifikiri nitairekebisha ukipata nguvu. Kisha ukaandika kwamba unamshukuru Mungu kwa ajili ya mashua hiyo, na nikashindwa. Miaka yote hii nimewaweka ninyi mkingoja, na Riziki akilisha kuku chakula cha mume wake, ili tu mimi nisitajwe. Nachimba mchanga ndani ya maji kila siku na siku zote nilijua kuna anayenitazama kutoka chini yake. Sikujua alikuwa ananitazama vipi. Sasa nadhani najua. Mwenye hasira angebaki na sahani.

Neno langu kwa wazee ni hili: mdogo wangu alikufa ziwani asubuhi ile, na mimi nilikuwa nimemshika. Wakae matanga. Wayamalize. Wanachotaka kunihukumu, nitakisikiliza nikiwa nimesimama mbele yao, si kwenye karatasi.

Mwambie Riziki, mke wa marehemu, kwamba namwomba msamaha kwa magoti, na kwamba jioni hii asiweke tena sahani. Msalimu baba mdogo Mmunga, ambaye kiti cha baba yetu kiko kwake. Msalimu dada Furaha kwa macho yake yanayosoma, na shangazi Nyota, na mtoto wa Asukulu, ambaye nasikia anapenda kushika kalamu kwa mkono wa kushoto. Msimchape.

Nimemwambia Afande naacha beleshi mwisho wa mwezi huu, na mahindi nimemwachia Bahati. Nitapitia Bujumbura, kisha Uvira, na Mungu akipenda nitakuwa nyumbani Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Lakini nakuomba kitu kimoja, Mama. Siku hiyo usinigawie chakula mapema. Ningoje mpaka unione mlangoni, unishike mkono, ndipo uniwekee sahani yangu.

Mwanao,
Wilondja