Ulimi Wako Kinywani mwa Lan

Mwalimu, mume wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ni vizuri ujue mapema. Labda ingefaa nianze na machozi, lakini yangu yalikauka eda ilipokwisha, nikadhani nimebakiwa na utulivu. Kumbe wivu hauna eda.

Lan amekuja Tabora.

Ndiye yuleyule. Binti wa mwalimu mwenzako kule Peking, uliyekuwa ukienda kumfundisha Kiingereza nyumbani kwao kila jioni, ukishamaliza kazi iliyokupeleka Uchina, ya kufundisha Kiswahili chuoni. Miaka miwili uliyokaa kule nililijua jina lake kuliko nilivyoijua hali yako. Kuna barua moja nililihesabu: Lan mara saba, Tatu mara moja, tena kwenye salamu. Lan ameweza kusoma ukurasa mzima. Lan ameuliza twiga hulalaje. Mama yake Lan amekushonea koti la pamba. Ukanieleza kwamba wana chumba kimoja, mnakaa karibu na jiko la makaa, na mlango mnauacha wazi hata theluji ikianguka, ili majirani wasikie kwamba mgeni amekuja kusomesha na hana lingine. Ulidhani hilo litanituliza. Mimi nikawaza: watu wasio na neno, mlango wanauacha wazi wa nini?

Najua ulikuwa mpweke. Uliandika kwamba ukiingia dukani kununua sabuni watu husimama kukutazama mpaka utoke, na kwamba ni katika nyumba ile tu walipokuzoea, wakakuita Mwalimu na kukumiminia chai kama mtu wa kawaida. Nilikuonea huruma kidogo, kisha nikarudi kwenye jina lake.

Sasa ya huku. Shule yako ya kijiji kule Goweko imepewa mwalimu mwingine, na wazazi wanasema ni mkali kuliko wewe. Sukari ni ya foleni, na siku nyingine foleni bila sukari. Mimi bado nashona kofia zangu hapa Isevya, barazani palepale. Na hospitali yetu imepata madaktari wa Kichina, na Lan amekuja nao.

Basi juzi juzi gari la hospitali likasimama mbele ya nyumba, akashuka mwanamke mdogo mwenye miwani, daftari mkononi. Mzee Songoro, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa amekwenda Kigwa, na ndiye peke yake mtaani anayekijua Kiingereza tangu alipokuwa karani wa reli. Kwa hiyo hakukuwa na wa kututafsiria. Yule mgeni akaniinamia, akataja jina lake, akataja lako, kisha akaanza kusema Kiingereza mbio mbio. Sikuambulia kitu, ila jina la mji wetu. Tabola, alisema.

Ni wewe yule. Ndivyo ulivyokuwa ukilitamka, kwa ulimi wako wa Kinyamwezi usioipenda r, na ndivyo nilivyokuwa nikikucheka, mimi mtoto wa mjini. Walipokuzika nilidhani sauti yako imekwenda na wewe. Kumbe ulikuwa umeiacha kinywani mwa mwanamke mwingine, tena ng'ambo.

Majirani walikuwa wameshajaa. Bi Mwanaidi akaniuliza kwa sauti, "Shoga, unamwelewa?" Ningejibu nini? Kwamba huyu umempa kile ulichoninyima mimi? Nikajitia kuelewa. Akisema jambo, "Yesi." Akiuliza, "Yesi." Akafurahi, akanishika mikono yote miwili, akarudi kwenye gari. Mpaka adhuhuri Mwanaidi alikuwa ameshaeneza mtaa mzima kwamba Tatu anajua Kizungu, nami nikatembea siku ile shingo juu.

Kesho yake asubuhi akarudi na jembe na ufagio.

Mzee Songoro alikuwa amesharejea. Akamsikiliza, akanigeukia. "Mwanangu Tatu, anasema jana mmekubaliana. Umemruhusu akalisafishe kaburi la mwalimu wake. Kwao ndiyo heshima ya mwanafunzi."

Mwalimu, mimi mkeo nilikuwa sijaliona kaburi lako. Siku ile wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki ndani. Ikaja eda. Eda ikaisha, nikawa naahirisha, leo kofia hazijaisha, kesho miguu inauma, kwa kuwa sikutaka kuona. Halafu huyu aliyekuja kwa ndege ndiye atangulie kukung'olea majani?

Nikampokonya jembe. Ndiyo, mbele ya balozi. Nikamwambia, "Sijui! Kiingereza sijui! Sikuelewa hata kimoja!" Neno sijui analijua, wagonjwa humwambia kutwa. Kisha akamweleza Mzee Songoro maneno marefu, na mzee akanitafsiria polepole, kama mtu anayechambua mchele. "Anasema, marehemu alimwambia hivi: mimi nikikosea kusema, mke wangu ndiye hunisahihisha. Basi yeye siku zote akajua kwamba kwa Kiingereza unamshinda mumeo."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Hukusema uongo. Nilikusahihisha kweli, asubuhi na jioni: si balua, ni barua, si kalibu, ni karibu. Lakini unaikumbuka siku ile kabla hujasafiri, uliponiketisha unifundishe Kiingereza? Uliandika neno lenye r, mwandiko wako mzuri ule, ukalisoma kwa l. Nikacheka mpaka nikashika mbavu, na kaka yako alikuwapo. Ukafunga kitabu. Hukugomba. Tangu hapo kila nilipokuomba ulinijibu, "Mwaka ujao, Tatu." Kisha ukaenda kwa watu ambao nao r yawashinda, na hakuna aliyekucheka. Kwa hiyo sijui neno lile ulimwambia Lan kwa kunionea fahari au kwa donda nililokutia. Ungekuwa hai ningekubana mpaka useme. Wallahi ningekubana.

Tulikwenda makaburini sote watatu. Jembe nililishika mimi, yeye nikamwachia ufagio. Aliponyoosha mkono anipokee, jasho likiniingia machoni, nilijifanya sioni. Majani yalikuwa mengi, nisamehe. Nilipomaliza nikasoma Fatiha, naye akainama mara tatu, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Kabuli zuli." Mzee Songoro akajikohoza kuficha kicheko, maana ni kama aliyesifia pilau ya kabuli. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumsahihisha. Nikaufunga. Nilitaka aseme tena.

Ndipo nikaona kwamba analia, na analia kuliko mimi. Hilo nalo likaniudhi.

Nimemwomba anifundishe. Usidhani nimempenda, na usifurahi huko uliko ukasema mke wangu ametulia. Kila Ijumaa akitoka kazini anakuja, tunakaa barazani na daftari lake lile, uliloliandika kwa mkono wako, neno la Kiingereza huku, picha ndogo uliyoichora huku. Kuku uliwachora vibaya. Nimemwambia Mzee Songoro amweleze sharti langu: anifundishe kama alivyofundishwa, asinyooshe hata herufi moja. Mzee akasema, "Mwanangu, utajifunza makosa." Nikamjibu kwamba hayo ndiyo ninayoyataka.

Miaka miwili ya jioni zako anayo yeye. Mimi nina hizi Ijumaa, mpaka siku atakapoitwa kwao. Ahadi yangu ni hii: kabla hajapanda treni nitakuwa nimemtoa yote, neno kwa neno, mpaka asibaki na kitu chako ambacho mimi sina. Kisha nitakuja pale kaburini peke yangu, nikusomee kwa sauti.

Lala, Mwalimu. Safari hii sicheki.

Mwanafunzi wako,
Tatu