Nyumba kwenye Mashine ya Maji

Mwakitolyo, Jumanne. Usiku wa mawingu, vumbi limetulia.

Shikamoo Mama Mdogo, na salamu kwa wote hapo Mwadui.

Leo tumejaribu mashine ya maji ya kubonyeza picha kwenye kioo, na picha nimechora mimi; ya kuanzia ni nyumba, kama kwenye simu. Mwenye kisima alishasema akina mama wakishindwa kuitumia, anairudisha. Wa kwanza alikuwa Mama Kulwa, mponda mawe ya dhahabu. Nikamwelekeza, "Anza kwa kubonyeza nyumba, mama."

"Nyumbani si ndiko nimetoka? Nirudi na ndoo tupu?"

Foleni ikacheka, na hakuna aliyeigusa nyumba yangu. Nikaifuta, nikachora mwanamke mwenye ndoo kichwani. Mama Kulwa akachungulia.

"Huyu hana ngata. Ndoo itamuumiza utosi."

Nikamwekea ngata. Akabonyeza, maji yakatoka, na mwenye kisima akaacha kununa.

Kufika jioni walikuwa wanaelekezana, "Mbonyeze Mama Kulwa," na mwenyewe amesimama pembeni anaitikia marahaba kama mwenye mashine.

Unibakizie michembe ya viazi, na usiinue vitu vizito. Nimekukumbuka sana. Saa tatu ya usiku hii, nalala.

Mwanao, Neema