Mwaka Mmoja Bila Mwalimu Ratemo Onchiri, Aliyetuandikia Sote

Mwaka umetimia, Mwalimu, tangu Jumanne ile ya tarehe tisa mwezi wa sita, 1953, ulipopigwa risasi kwenye mlango wa shule uliyoijenga kwa mikono yako hapa kwetu, karibu na Sironga. Tulidhani mwaka ungetosha tuzoee. Hatujazoea.

Ulikuwa mtu wa kuchelewa kula. Nyanchera, mkeo na mama wa binti yako Jemimah, alikuwekea ugali wa wimbi chini ya kikapu, nawe uliukuta umekauka, ukaula hivyo hivyo ukicheka, kwa kuwa mtoto fulani alinyeshewa njiani ukamsindikiza hadi kwao. Kanisani uliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na kuimba kwenyewe hukujua. Asiyejua kuandika alikuletea shida yake ukamwandikia, bila kuuliza analalamika dhidi ya nani.

Ndivyo ulivyomwandikia Machogu, jirani yetu. Aliporudi kutoka vita vya Burma alikuta shule imesimama kwenye malisho ya baba yake. Wazee walikuwa wameitoa ardhi hiyo wakiamini amekufa huko. Mara nne ulimwandikia barua kwa wakubwa, barua za kuilalamikia shule yako mwenyewe. Mara nne hakupata jibu. Tulikukanya. Ukasema, "Anachosema ni kweli. Nisikiandike kwa sababu kinaniuma mimi?"

Machogu alikuwa mlinzi katika shamba la mzungu upande wa Sotik. Asubuhi ile alikuja na bunduki ya mwajiri wake. Watoto walionusurika ndio waliotusimulia. Alisimama uani akaita, "Mwalimu, toa watoto! Leo hii nyumba inaondoka kwa shamba la baba yangu."

Ulitoka ukasimama mlangoni. "Machogu, ndugu yangu, weka hiyo kitu chini. Tutaandika ingine."

"Tumeandika mpaka nimezeeka," akasema, akafyatua.

Risasi ya kwanza ilikupata kifuani. Ya pili ilipenya ukuta wa udongo ikampata Nyamusi wa darasa la pili, aliyejificha chini ya benchi. Alikuwa na miaka tisa. Wazazi wake wanamlilia kwa namna yao, nasi hatuwezi kuwasemea.

Machogu hakukimbia. Aliketi kwenye nyasi, bunduki magotini, mpaka polisi walipomchukua.

Kesi ilisikilizwa Kisumu, na Nyanchera akaenda pamoja na Ombui, ndugu yako. Wakili wa Machogu alizitoa zile barua nne zikasomwa mbele ya watu wote. Moja ilisema, "Nimerudi nyumbani, nikakosa nyumbani." Nyanchera alimshika Ombui mkono. "Shemeji, si huyu ni Baba Jemimah anaongea?" Machogu, aliyekuwa amekaa kama gogo siku zote za kesi, alijifunika uso akalia. Alihukumiwa kifo, na mwezi wa pili mwaka huu akanyongwa. Tulidhani siku hiyo tungelala usingizi mzuri. Hatukulala.

Shule ilifungwa miezi mitano. Ilipofunguliwa walirudi watoto wachache, hawafiki hata nusu. Ukuta umekandikwa upya, lakini wa darasa la pili hawataki kukaa upande ule, na mwalimu mpya ameacha kuwalazimisha. Lori likimwaga mawe barabarani wote wanalala chini kabla hajasema neno. Mama yako hapiti tena njia ya shule. Akienda kisimani huzunguka mlima mzima, na miguu yake unaijua.

Kuna jambo jingine lazima tukwambie, maana wewe hukupenda kufichwa. Mwezi wa nne Nyanchera alisimama kwenye baraza, mwanamke peke yake kati ya wanaume, akawaambia wazee: "Mume wangu aliandika hii barua mara nne. Ya tano naileta mimi kwa mdomo." Mwishowe waliirudisha sehemu ya chini ya uwanja wa shule, ile ya kandokando ya kijito, kwa Bochaberi, mjane wa Machogu, na watoto wake. Baba yake Nyamusi aliondoka kabla baraza halijaisha. Ombui alikaa wiki tatu bila kusema na Nyanchera. Sisi wengine pia tulimkasirikia. Usitudhanie wema kuliko tulivyo.

Wiki iliyopita Bochaberi alituma mtu kuuliza kama anaweza kutajwa katika kumbukumbu hii. Tulibishana siku mbili. Ombui alisema, "Jina la nyumba ile likae karibu na la ndugu yangu? Haiwezekani!" Nyanchera alikuwa akichambua mboga, wala hakuinua kichwa. "Barua zote aliziandika kwa meza ya Bochaberi," akasema. "Uji alipikiwa na huyo. Na yeye alimjua."

Hatutakuacha usahaulike, Mwalimu, maadamu tungali hai: mama yako Nyangate, mkeo Nyanchera, binti yako Jemimah, anayeuliza kila Sabato kama utarudi, ndugu yako Ombui, aliyekubali jana jioni, na Bochaberi, mjane wa Machogu.