Tetekuwanga, na Maneno Niliyomwambia Adhar

Jumamosi, 7 Juni 2025. Lodwar.

Niko kwa kaka yangu Ejore. Leo wamembatiza mtoto wao mdogo. Mbuzi wawili, watu tele, joto la kuchoma.

Jana nilikuwa kliniki. Daktari Wekesa amefurahia vidole vyangu. Sasa nafunga vifungo mwenyewe! Halafu akaniuliza kama niliwahi kuugua tetekuwanga. Sijui. Mama angejua, na mama hayupo. Akanieleza upya, polepole: vidonge vyangu vya Ijumaa vinaituliza baridi yabisi kwa kuipunguzia nguvu kinga ya mwili. Ugonjwa ambao kwa mwingine ni kujikuna wiki moja, kwangu unaweza kuingia mapafuni. Nikikaa karibu na mgonjwa nimpigie siku hiyohiyo. Nisingoje. Kuna dawa, ila ni ya kuwahi.

Nimemuuliza Ejore. Yeye aliugua. Mimi nilikuwa kwa nyanya, Lorugum. Basi sijaugua.

Binti yao Akai, wa miaka mitano, amelala mapajani mwangu ibada nzima. Ana vipele shingoni. Namuria, mke wa Ejore, anasema ni harara, joto tu. Kimoja kilikuwa na maji ndani, kama tone. Nimekiona kabisa. Sikusema. Ningemsukuma mtoto mbele ya wageni?

Jumatatu, 9 Juni. Kakuma.

Nimeshika simu mara mbili nimpigie daktari. Nimeiweka. Harara! Nusu ya darasa langu wana harara.

Ukweli ni huu: nikipiga ataniita Lodwar, mwalimu mkuu atauliza kuna nini, na hapa shuleni hakuna anayejua ninaumwa nini. Hata Adhar hajui. Tunafundisha naye darasa la pili, mimi mwenyeji, yeye mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Miaka mitatu ananifungulia chupa ya maji. Anasema vidole vyangu ni vya malkia. Tunacheka.

Jumatano, 18 Juni.

Adhar amekuja na Agot mgongoni, binti yake wa miaka miwili. Anayemwachiaga mtoto ni mgonjwa. Mimba ya miezi saba mbele, mtoto nyuma, na chaki mkononi! Nimempokea Agot. Saa nzima nimembeba ndipo nikaona: vipele, mikononi na tumboni. Nimemrudisha haraka, karibu nimwangushe. Adhar amemfunga tena mgongoni.

Mwili unaniuma. Labda ni woga.

Alhamisi, 19 Juni.

Mungu anisamehe.

Asubuhi tulikutana mferejini. Wanawake kama kumi kwenye foleni, wenyeji na wakimbizi. Adhar akanisalimia kwa Kiturkana nilichomfundisha mwenyewe, "Ejok!" Akanisogelea, akashika mkono wangu, akauliza mbona macho mekundu.

Nikamlipukia. Nikamwambia amenipa mtoto mgonjwa makusudi. Halafu nikasema lile lingine. "Ninyi wakimbizi ndio mnatuletea magonjwa hapa." Kwa sauti. Uso kwa uso.

Mama mmoja wa kwetu akaguna kukubali, na huko kuguna kwake ndiko kulikonifanya nijisikie mchafu.

Adhar akaniachia mkono. Akafunga khanga upya juu ya tumbo, akachukua mtungi. Ulikuwa haujajaa. Akaondoka.

Ningeweza kusema, "Dada, nina ugonjwa, naogopa." Maneno manne. Sikuyapata. Yale mabaya niliyapata mara moja!

Ijumaa, 20 Juni.

Homa. Sikwenda kazini. Leo ni siku ya vidonge. Nimempigia Daktari Wekesa kwanza. Hatimaye! Amesema nisivimeze wiki hii. Ile steroidi ya kila siku, kidonge changu kingine cha viungo, nisiiache hata kidogo, kuiacha ghafla ni hatari. Nifike kesho. Aliuliza kwa nini sikupiga mapema. Nikasema mtandao ulisumbua.

Hata yeye nimemdanganya.

Jumamosi, 21 Juni. Lodwar, hospitali.

Vipele vimetoka alfajiri. Kifuani, mgongoni, ndani ya mdomo. Ejore amenifuata na pikapu, nimekaa nyuma peke yangu na kitambaa usoni. Wamenipa chumba cha pembeni. Dawa inaingia kwa mshipa.

Nikamweleza Daktari Wekesa habari ya Agot, kwamba nilimbeba Jumatano. Akatikisa kichwa. Ugonjwa huu, akasema, unakaa mwilini siku kumi hadi ishirini na moja kabla ya kutokea. Siku tatu haiwezekani. "Wiki mbili zilizopita ulikuwa wapi, mwalimu?"

Ubatizo. Mapaja yangu. Lile tone la maji.

Namuria amekiri kwenye simu. Akai alijaa vipele siku iliyofuata ubatizo. Hawakuniambia, hawakutaka kunitia wasiwasi. Siwezi kumkasirikia. Niliona kabla yake.

Jioni mwalimu mwenzetu Mutua kanipigia kunijulia hali. Agot amepimwa kliniki ya kambini: ni upele wa kujikuna tu, kapewa dawa ya kupaka.

Kwa hiyo Adhar hakuniletea chochote. Chochote!

Jumapili, 22 Juni.

Nilidhani aibu imefika mwisho. Daktari kaja na karatasi, anataka majina ya watu niliokaribiana nao tangu Alhamisi, maana mtu huanza kuambukiza siku mbili kabla ya vipele. Kuhusu wanafunzi, atamwarifu mwalimu mkuu. Kisha akauliza, kuna mjamzito?

Nikachukua kalamu. Nikaandika jina.

Kama hajawahi kuugua, anaweza kuumwa vibaya, yeye na aliye tumboni. Kuna sindano ya kinga akiwahi. Akiwahi! Neno hilohilo nililolipuuza mimi.

Nimempigia mara sita. Hapokei. Ningekuwa yeye nisingepokea. Nimemtumia ujumbe: Adhar, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mtoto.

Jumatatu, 23 Juni.

Kifua kinabana kidogo. Wamepiga picha, tunangoja. Viwiko na vifundo vimevimba, naandika kama mtoto wa chekechea.

Saa tatu Adhar amepiga mwenyewe.

"Mwalimu." Hajawahi kuniita hivyo. Mimi ni Nakaale wake, au malkia.

Nikamwambia yote. Ugonjwa wa viungo, vidonge, Akai, siku zilivyohesabiwa. Kisha yeye: "Kwa hiyo mimi sikuleta."

"Hukuleta. Ni mimi. Huenda mimi ndiye nimekuletea wewe."

Nikamuuliza kama aliwahi kuugua utotoni. Akasema anayejua ni mama yake, na mama alibaki kwao Bor. Tukawa sawa hapo, watoto wawili wasio na wa kuwauliza.

Nilianza kuomba msamaha. Akanikata: "Kalas, basi. Hiyo baadaye. Kliniki ni mlango gani?"

Nikamwelekeza. Daktari alishampigia nesi wa zamu. Akaenda kwa miguu, simu wazi. Nikasema nikate asimalize chaji. Akasema hapana, kaa.

Sasa simu iko juu ya mto, sauti kubwa. Saa nzima hatujazungumza. Nasikia foleni, benchi likiburutwa, Agot akilia na kubembelezwa kwa Kidinka. Nesi ametaja jina, amelikosea. Adhar amelirudia taratibu, hadi likatamkwa sawa. Mlango umefungwa.

Nasikia pumzi yake. Sijui wanamfanya nini. Hajakata. Nami sikati.