Gari Haliuzwi, Kaka Gaspari

Turiani

Kaka Gaspari,

Shikamoo. Kila nikiamka nawaza hicho kifua chako na baridi ya huko Mgeta. Yale majani uliyokuwa unachemsha yamekusaidia? Na njegere za mama zimesimama, au ukungu umezila? Sisi huku Turiani tu wazima, ila joto na mbu. Miwa imeanza kukatwa, sokoni watu tele, na mboga za nyumbani zinagombewa.

Mwanangu Deo amenifikishia salamu zako pamoja na neno la kikao cha ukoo, kwamba pikapu yetu anayoiendesha iuzwe, na mnunuzi mmeshampata. Kaka, kwa heshima yote, nimekataa. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Ulisema ulipanda na Deo kuteremka mjini, ukaona taa nyekundu mbili zinawaka mbele ya dereva, ile yenye alama ya kibirika cha oili na ile ya betri. Gari likanyamaza kama maiti, mpaka ukasikia kabichi zinagongana nyuma, halafu kule bondeni likafufuka. Ukasema, "Kitu kinachokufa na kufufuka njiani kitatuulia mtoto." Basi mimi chakula kikanishinda. Kila nikifumba macho namwona Deo korongoni.

Mimi na Deo tukalipeleka gari kwa fundi Rajabu, yule Mzigua, mtani wetu. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena: oili ipo. Akawasha, akapiga resi, akatuzungusha mpaka kwenye mashamba ya miwa. Hakuna taa iliyowaka.

"Mtani, gari zima hili. Ninyi Waluguru hata taa mnaikimbia? Ingekuwa kibatari si mngehama mlima!"

"Usinicheke. Wewe na tambarare zenu, mteremko utaujulia wapi?"

Akaacha kucheka. "Kumbe taa ziliwaka kwenye mteremko?"

"Huko tu. Na kaka yangu alisikia kabichi zinagongana."

Akazima gari, akarudisha ufunguo nusu bila kuwasha injini. Kimya. Na zile taa mbili hizo, nyekundu kama macho ya mlevi.

"Ndizo hizi?"

Deo akaitikia kwa kichwa.

"Hizi huwaka ufunguo ukiwa umezungushwa na injini imezimwa," Rajabu akasema. "Gari halina ugonjwa, mtani. Mgonjwa ni dereva. Mwulize anateremkaje."

Kaka, mpwa wako huyu akifika juu anazima injini, anaacha gari liserereke lenyewe mpaka bondeni, eti anaokoa petroli! "Mama, Mgeta wote tunateremka hivyo. Kule chini unaachia klachi, linawaka lenyewe." Rajabu akamwambia injini ikiwa imezimwa na breki huwa ngumu, unakanyaga kama unakanyaga jiwe. Nikampiga kofi, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya mafundi, halafu nikamkumbatia nikalia. Rajabu akajichukulia kabichi mbili bila kuomba, akasema ni ada ya kuamua ugomvi wa Waluguru. Nikamwacha, ni haki ya mtani.

Sasa nisikilize. Hofu yako ndiyo iliyomwokoa mtoto, na ninakushukuru. Lakini gari halina kosa. Kabla ya ruhusa hizi za kila mtu kuuza na kununua apendapo, umesahau tenga lilivyoninyonyoa nywele za utosini? Umesahau kabichi tulizowapa nguruwe kwa sababu lori la ushirika halikuja? Wajapani walilitumia wakalichoka, mimi na wewe tukalinunua kwa jasho, na bado linapanda mlima. Waliosema "mwanamke na gari wapi na wapi" ndio hao leo wameleta mnunuzi. Waambie kwamba ukoo wetu Waluguru unafuata tumbo la mama. Tumbo lenyewe ni mimi, nami nimesema haliuzwi. Anayelitaka aje Turiani alivute na mimi nikiwa ndani.

Nisalimie mama yetu, mwambie khanga yake nimempa Deo. Wifi yangu, mkeo, nimempelekea sukari. Na mzee katekista aendelee kumwombea Deo, maana kuapa ameapa kwa rozari kwamba hatazima tena injini mteremkoni, ila moyo wa mama hautulii kwa kiapo.

Ndiyo maana nakuomba neno moja. Barua hii anakuletea Deo mwenyewe. Kesho yake akishapakia, simama kwenye ile kona chini ya kanisa, pale bonde zima linaposikika. Ukisikia gari linanguruma mpaka linapotelea chini, rudi shambani kwa amani. Ukisikia kabichi zinagongana, mngoje siku atakayopanda tena, umnyang'anye ufunguo, umrudishe kwangu kwa miguu. Gari liache hapo uani kwako, nitapanda kulichukua. Kuuza, hapana.

Ni mimi mdogo wako mwenye kichwa kigumu,
Skolastika, mama Deo