Kwa Mwidani, Kuhusu Damu ya Mtoto

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
19 Novemba 1961

Mpendwa ndugu yangu Mwidani,

Salamu nyingi zikufikie huko Kampala, na baada ya salamu nataka kujua hali yako. Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimetulia? Unakula chakula cha maana, au bado ni chai na mkate kama mtu asiye na kwao? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mguu wangu wa kushoto huniuma kukiwa na mawingu, na mwaka huu mawingu hayatuondokei, kwa hiyo ujue nakuandikia nikiwa nimeunyosha juu ya kigoda.

Mvua imetuzidi. Muhogo wa upande wa bondeni umeoza wote, na wasafiri wanasema njia ya bara imekatwa na maji, sijui hata barua hii itakufikia lini. Kivukoni watu hawazungumzi ila uhuru na Mwambao, kama pwani yetu ijitenge au ibaki na Kenya. Kila mmoja anajua zaidi ya mwenzake, na feri hufika ng'ambo hawajamaliza. Mimi nawaacha na ubishi wao, nina langu.

Langu ni ile barua uliyompelekea Mjomba Ishaka. Wajua Mjomba husoma herufi za Kiarabu tu, hizi zetu za shule zinamshinda. Aliniletea nimsomee. Akakaa mkekani, akavua kofia, akaniambia, "Soma polepole, mwanangu, nisikie kila neno." Nikaanza. Nilipofika pale unapomtaka amrudishe Nyamvula kwao Tiwi, na kwamba talaka itafuata, nilirudisha macho juu. Nikamsomea salamu, nikayaruka yaliyobaki, nikatunga mengine kuhusu baridi ya Kampala. Mwenyezi Mungu anisamehe. Mzee alikwenda zake akikuombea dua, na wanaoyajua uliyoyaandika ni mimi na wewe tu.

Sikufichi, nilikasirika. Ungalikuwa karibu ungalinitambua. Nimekaa wiki mbili bila kushika kalamu, nikingoja hasira ishuke, nayo imeshuka, kwa sababu nilipoisoma tena niliona mahali ulipolifuta jina la mtoto kisha ukaliandika upya. Mtu aliyemchoka mwanawe hahangaiki hivyo. Nikajua ndugu yangu anaumia, na mwenye kuumia haambiwi kwa ukali.

Najua yalivyoanza. Ulishuka gari la moshi mwezi wa saba kwa likizo yako, ukamkuta mwanao Mwanasaumu amebaki mifupa na macho, na kabla hujaweka sanduku chini mabibi wa kisimani walishakunong'oneza kuwa ni chirwa. Nami nimekua nikiyasikia hayo. Mtoto akikonda, basi mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, na ugonjwa hauondoki mpaka mtu huyo wa nje atajwe jina. Lakini nikuulize, Mwidani. Wao wenyewe husema ni mmoja wa wazazi, baba au mama. Mbona walimkalia Nyamvula peke yake, na wewe wa Kampala, mwaka mzima peke yako, hakuna aliyekuuliza hata kwa mzaha? Usinijibu. Nakutania kidogo tu.

Pale hospitali ya mjini walisema ni malaria iliyorudi mara tatu bila kutibiwa sawasawa, na minyoo inayomnyonya damu. Wadi ile ilikuwa na watoto tisa wa namna hiyo. Ikiwa wote walikuwa na chirwa, basi Mombasa nzima hakuna aliyelala nyumbani kwake.

Kisha likaja hilo la damu. Walisema mtoto aongezwe damu siku hiyo hiyo, ukakunja mkono wa shati kabla hujaulizwa. Nilikuona, na nilijivunia. Wakakupima, yule kijana wa kupima damu akatoka akasema, "Damu yako haimfai mtoto," akaenda zake kama mtu aliyekuambia duka limefungwa. Ukashusha mkono wa shati, ukatoka. Kesho yake ukasema umeitwa kazini. Nami mjinga nikakufungia samaki wa kukaanga wa safarini, sikujua umebeba nini kifuani.

Sasa sikiliza yaliyotokea ulipokwisha kutoka, maana hukuyaona. Walimpima Nyamvula. Naye wakamkataa. Kijana yule yule, maneno yale yale: damu yako haimfai mtoto. Mwidani, mimi ndiye niliyemshika Nyamvula mgongo siku aliyojifungua. Mwanasaumu alitoka mbele ya macho yangu, na mkono huu unaoandika ndio uliompokea kwenye leso. Kama damu kutofaa ni ushahidi kwamba wewe si baba, basi na Nyamvula si mama, na mimi siku ile niliona mazingaombwe.

Baada ya barua yako nilivuka tena mpaka ile wadi, nikamtafuta Nafula, yule nesi wa kutoka bara aliyekuwa akimlisha mtoto uji kwa kijiko. Nilimwambia kila kitu bila kutaja majina, naye akajua papo hapo ni nani. Hakucheka, nilishukuru kwa hilo. Alinieleza kwamba damu za watu ziko aina chache, na kwamba pale hawatafuti baba wala mama, wanatafuta damu itakayoingia mwilini isimdhuru mgonjwa. Kila mzazi, alisema, ana sehemu mbili, na humrithisha mtoto moja tu. Nyingine yaweza kuwa imejificha, wala mwenyewe hajui anayo. Wewe na Nyamvula damu zenu ni za aina moja, na mtoto akachukua ile iliyojificha kwenu nyote wawili. Akasema ni jambo la kawaida kabisa, hata yeye hawezi kumpa mamake damu.

Nikamuuliza kama kuna kipimo cha kuonyesha baba ni nani. Akasema hicho hawana. Mara nyingine damu yaweza kuonyesha kwamba mtu fulani hawezi kuwa baba, na hapo nilishika kiti. Akafungua daftari, akatazama mstari wenu, akaniambia yako haikuonyesha hivyo. Ndivyo alivyosema, sikuongeza neno.

Ningependa kukuandikia kwamba mtoto ameota mwanya wa marehemu mama yetu, na kweli ameuota, pale pale mbele, tena akicheka ni mama mtupu. Lakini sikupi huo kuwa ushahidi, maana wenye mwanya wamejaa mpaka Kisauni. Wala sitakuapia kwamba nimeyaona yote, mimi silali chumbani kwenu. Nakuambia tu kwamba yale mawili yaliyokutoa nyumbani, chirwa na damu, hakuna hata moja linalosema lile ulilolisikia.

Hukuuliza kwenye barua yako, lakini najua wataka kujua mtoto alipataje damu. Alimpa mtu aitwaye Baya, kibarua wa Kipevu, aliyekuja kumtazama mwenzake aliyevunjika mguu. Alisikia Nyamvula analia, akauliza kuna nini, akanyosha mkono. Ya kwake ikafaa. Wakampa chai, akainywa amesimama, akarudi kazini. Hatumjui kwao wala hatujamwona tena, nami humwombea kila Ijumaa.

Nimebakiza jambo moja, nalo sijapata kumwambia mtu. Siku mbili kabla hujafika, mabibi wale walimkalia Nyamvula tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakimwambia mtoto atakufa mikononi mwake kama hamtaji huyo mtu. Walipoondoka alinijia jikoni, nikipepeta mchele. Alikuwa amekauka, hata machozi hana. Akanishika nguo, akaniambia, "Wifi, wataka jina. Nimtaje nani, wifi? Nipe jina lolote la mwanamume, nikaliseme, mwanangu apone."

Alikuwa tayari, Mwidani. Alikuwa tayari kujichafua yeye, na nyumba yenu, na jina la baba yake kule Tiwi, kwa kosa ambalo hakuwa na hata jina la kulijazia. Aliye na mtu haji kumwomba wifi yake jina. Niliuweka ungo chini nikamkumbatia, tukakaa hivyo mpaka maji ya wali yakakauka motoni, na hapo ndipo nilipoamua kwamba ukifika tu mtoto aende hospitali, waseme watakayosema.

Barua yako ya kwa Mjomba nimeikunja ndani ya hii, inarudi kwako. Nyamvula hajaiona, wala hataiona kwa mkono wangu. Ukiwa bado unayataka yaliyomo, usinitume mimi wala yule mzee. Njoo mwenyewe, ukae mbele yake, umsomee. Lakini moyo wangu unaniambia utaichana, na nakuomba uichane.

Mjomba Ishaka anakusalimu sana na anasema uvae vizuri, kwa sababu ya ile baridi niliyoitunga. Shemeji yako Nguma anakusalimu, na majirani wote, hata mabibi wa kisimani, ambao sasa wanasema dawa yao ndiyo iliyomponya mtoto. Nyamvula ananiona naandika na ameniambia nimtilie salamu zake. Anauliza tumekukosea nini hata ukanyamaza hivi. Nimemwambia ni kazi nyingi.

Mola akupe afya na akufungulie njia, akurejeshe kwako ukiwa na moyo mweupe. Nimekukasirikia na nimekusamehe ndani ya barua moja, na mapenzi yangu kwako hayakupungua mahali popote.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, wako akupendaye,

Mwanarusi

Nilitaka kufunga bahasha nikakumbuka. Mwanasaumu amenenepa, anatembea, na amejua kusema "baba". Tatizo ni kwamba hajui ni nani, kwa hiyo kila mwanamume mwenye kofia anayepita barazani humwita hivyo, akimkimbilia na mikono juu. Jana alimkimbilia muuza maji. Njoo umwonyeshe ni yupi.