Simu Tatu kutoka Dhofar

Gaithersburg, Novemba 1997

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza barua yako kwa namna nyingine.

Hii ni wiki ya saba tangu nirudi kutoka Omani na bado sijalia. Watu wamekuja, wamenikumbatia, wamenilowesha mabega, nami nasimama tu nikiwaza kama vikombe vya chai vitatosha. Usidhani ni ushujaa. Sihisi kitu. Naamka, nakwenda kazini maabara, narudi, nampikia Mama aliye edani, nalala.

Ngoja nikueleze safari kwanza, maana ndiyo uliyonituma. Ilikuwa safari yako. Daktari alipokukataza kupanda ndege ukaandikisha jina langu kwenye msafara badala ya lako, ukanipa daftari lenye maswali sita kwa wino mwekundu, na juu yake: "Jibu yote. Sentensi kamili." Miaka thelathini uliwafundisha watoto wa Tanga habari za bandari za kale za Uarabuni ambazo hukuwahi kuziona, halafu miaka sita huku Marekani ukawa unazichora nyuma ya tiketi za magari, kwenye kibanda chako cha maegesho kule Arlington. Nilikucheka. Ukasema, "Cheka, lakini kalamu usisahau."

Basi, majibu. Lango la bandari ya Sur ni jembamba kweli. Mtu akiita upande huu anasikika ule. Maji yake asubuhi ni ya kijani, jua likipanda yanakuwa buluu. Njia ya kwenda huko kutoka Maskati ni ya vumbi na mawe, gari linaruka mpaka meno yanagongana, mkono mmoja mlima mkavu usio na jani, mkono wa pili bahari. Katikati tulisimama kwenye bonde lenye mitende na madimbwi ya maji baridi, nikatia miguu. Hilo hukuuliza, nakupa bure.

Qalhat, Baba, uliwadanganya wanafunzi. Ulisema ni mji. Kumebaki kuba moja lililopasuka, mawe, na mbuzi. Nilijitahidi kuuona mji wako wenye masoko na farasi wa kuuzwa, nikaona mbuzi tu.

Alhamisi nilikupigia kutoka Sur, ukapokea mwenyewe. Ukawacheka wale mbuzi mpaka ukakohoa, kisha ukasema, "Haya, endelea na la nne." Sikuisikia tena sauti yako.

Jumamosi tukaruka kwenda Salalah, kule kusini, Dhofar. Ukungu, manyunyu, vilima vya kijani kabisa, ngamia wamesimama katikati ya barabara kama wenye nyumba. Kando ya njia wanauza madafu na ndizi. Ningekwambia pamefanana na Tanga ungenibishia siku nzima.

Nikapiga simu nyumbani. Mama akapokea. "Amelala, mwanangu. Niambie mimi, nitamwambia." Nyuma yake nikasikia watu wanasoma Kurani, wengi. Nikauliza ni nani hao. Akasema, "Kaseti." Nikaamini, kwa sababu kaseti hizo ulikuwa nazo, na ulikuwa ukizifungulia sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Nikamsomea jibu la nne: mti wa ubani ni mfupi, umejipindapinda, ukiuchanja unatoa utomvu mweupe, na mkononi unanukia ndimu kabla haujanukia ubani. Mama akasema, "Ndimu. Haya." Sauti ilikuwa kavu. Nikadhani amechoka.

Nikapiga tena tulipotoka Khor Rori. Ile bandari ya kale imezibwa na mchanga mdomoni, chombo hakiwezi kuingia. Ndani ya ghuba kuna ndege wekundu wa miguu mirefu wanakula taratibu, na juu kilimani kuta za maghala ya ubani bado zimesimama, zingine zinakufika kifuani. "Amelala." Jumanne nikapiga kutoka Mirbat, nikaeleza nyumba za wafanyabiashara wa zamani, madirisha ya mbao yaliyochongwa vizuri, na ndani sakafu zimeanguka. "Amelala, lakini nitamwambia." Siku hiyo ulikuwa na siku nne kaburini.

Aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege ni Mama Wanjiku wa ghorofa ya chini, yule nesi Mkenya. Alinishika mikono yote miwili pale parking. "Pole sana, my dear. Mzee alituacha. Tulimzika Friday, na alikuwa amekataa kabisa uambiwe." Njia nzima nilikuwa nawaza kama mashine za uwanjani zimeharibu filamu zangu. Ndivyo nilivyokuwa, Baba. Ulikuwa umekufa, nami nawaza picha.

Mama aliniambia sentensi moja: "Baba'ko alisema, mwacheni amalize." Nikasema sawa. Nikaenda kuoga.

Nimekasirika. Na wewe, na Mama zaidi, kwa lile "amelala" la mara tatu. Ningeacha ngamia na ubani nikarudi, hata kama nisingewahi maziko. Ulikuwa na haki ya kunituma, lakini hili halikuwa lako kuamua. Tangu nirudi, mimi na Mama tunazungumza habari za chumvi na unga tu.

Jana alikuwa anakunja mashati yako. Bila kuniangalia akasema, "Yale majibu nilimwambia. Kila ukishakata simu naingia chumbani, nafunga mlango, nakaa upande wake wa kitanda, namwambia. Ndimu, ndege, madirisha. Wageni wakadhani nimerukwa na akili." Nilitaka kumshika. Nikamwambia maji yamechemka.

Wiki saba, Baba, na sijamwuliza Mama hata neno moja juu ya ile Alhamisi, baada ya simu yetu. Sijui kama uliumia. Sijui nani alikushika mkono, wala kama uliomba maji. Alinisikiliza mimi na bandari zangu huku nyumba imejaa waombolezaji, nami yake sijataka kuyasikia. Naogopa. Nikishajua, utakuwa umekufa kweli.

Kwaheri, Baba. Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Mama yuko sebuleni peke yake, televisheni ameizima. Nakuahidi, nikiweka kalamu chini nakwenda kukaa naye, na nitamwuliza ulikufaje.

Mwanao,
Saumu